Kamera iliona, simu ikalala

Na Mwandishi Wetu

Saa ya kamera inaonyesha 02:47, yaani saa nane na dakika 47 usiku. Ukuta wa nyuma wa nyumba yangu, Goba, jijini Dar es Salaam, umekuwa mweupe kama uliopakwa chokaa kwa sababu ya mwanga wa infraredi. Kwanza unaonekana mguu. Kisha mkono. Kisha mwanamume mzima, amejifunga kanga usoni, anatua karibu na kisima. Mwenzake anabaki juu ya ukuta.

Hana haraka. Anageuza ndoo, anaikalia, anaanza kufungua nati za pampu ya maji moja baada ya nyingine. Nati moja inamponyoka. Anapapasa chini mpaka anaipata, anaitia mfukoni. Kazi nzima inamchukua dakika 19.

Mimi nilikuwa Morogoro, msibani, nimelala kwenye mkeka na simu iko kichwani. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na bando. Haikulia. Arifa zote sita zilimiminika kwa mkupuo saa kumi na mbili asubuhi, nilipoifungua programu ya kamera kwa mazoea tu.

Pampu inauma, lakini kila nikiitazama video ile namfikiria jirani yangu. Chumba anacholala kiko hatua chache kutoka kisimani. Ningempigia, angewasha taa ya nje na kukohoa tu, wale watu wangeondoka mikono mitupu. Kamera iliona kila kitu. Hakuna binadamu aliyeambiwa.

Mhariri wangu aliposikia kisa hicho alinituma niifuate arifa ile tangu ilipotoka ukutani mpaka ilipopotelea, kisha nitafute kama ipo njia nyingine ya kumwamsha mwenye nyumba.

Safari ndefu ya arifa moja

Wengi tunaamini kamera inatuma ujumbe moja kwa moja kwenye simu. Sivyo. Kamera inazungumza na rauta. Rauta inapeleka habari kwenye seva za kampuni iliyotengeneza kamera, ambazo mara nyingi ziko nje ya nchi. Seva hizo zinakabidhi ujumbe kwa seva nyingine: za Google kama simu yako ni Android, za Apple kama ni iPhone. Hizo za mwisho ndizo zinazobisha hodi simuni. Apple ilianza utaratibu huo mwaka 2009, Google ikafuata mwaka 2010, na leo karibu kila programu inapita mlango huo huo.

Kila kituo kwenye safari hiyo kinaweza kukatika. Uniti za LUKU zikiisha, rauta inazimika. Bando la nyumbani likiisha, kamera inabaki inajitazamia yenyewe. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Mwaka uliofuata, kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Siku tisa kabla ya hapo, seva za Amazon nchini Marekani zilipopata hitilafu, hata wenye kamera za Ring huko huko Marekani walijikuta hawaoni milango yao.

Usiku wangu haukuwa na lolote kati ya hayo. Umeme ulikuwepo, intaneti ilikuwepo, na ujumbe ulifika mpaka mlangoni mwa simu. Fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliichukua simu yangu, akaingia sehemu ya betri, akanigeuzia kioo nione. Programu ya kamera ilikuwa imelazwa.

Tangu Android 6.0, mwaka 2015, simu iliyolala muda mrefu bila kuguswa hupunguza kazi za programu ili kulinda chaji. Kwenye hilo watengenezaji wa simu wameongeza mikono yao, na simu nyingi za bei nafuu tunazonunua huku zina mlinzi wa betri mkali kuliko ule wa Google. Programu usiyoifungua mara kwa mara inafungwa kimya kimya. Na saa nane usiku, simu ikiwa mkekani tangu saa nne, ndiyo saa inayofaa zaidi kwa usingizi huo.

> Uniti za LUKU zikiisha, rauta inazimika. Bando likiisha, kamera inabaki inajitazamia yenyewe.

Fundi aliiruhusu programu itumie betri bila kikomo na ijiwashe yenyewe simu inapowashwa upya. Dakika mbili. Yeyote mwenye kamera afanye hivyo leo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Mijusi, buibui na masika

Kabla hajanirudishia simu, fundi aliniuliza nilikuwa napata arifa ngapi kwa usiku mmoja hapo nyuma. Nikakumbuka, nikanyamaza kidogo. Zilikuwa nyingi mno, na wakati wa mvua za masika nilikwenda kwenye mipangilio nikaondoa mlio. Kwa hiyo hata kama programu ingekuwa macho, ingenong'ona.

Kosa hilo nimelikuta karibu kila nyumba niliyoitembelea kwa ajili ya makala haya. Kamera ya kawaida haijui mtu ni nini. Inalinganisha picha na picha, na doa lolote linalosogea kwake ni tukio. Taa zake za infraredi huvuta wadudu. Wadudu huvuta mijusi na buibui. Buibui husuka utando palepale mbele ya kioo, na uzi mmoja unaopeperushwa na upepo, ukiwa umemulikwa kwa karibu hivyo, unaonekana mkubwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nilipanda ngazi nikaitazama kamera yangu ya nyuma: utando ulikuwa umening'inia pembeni mwa kioo, na mjusi mdogo alikuwa amejibanza chini ya kikombe chake akisubiri chakula.

Mtu akidanganywa mara arobaini kwa usiku, mara ya arobaini na moja haamki. Kwa sababu hiyo mafundi makini huanza na kitambaa na ngazi kabla ya kugusa simu. Wanafuta vioo, wanaweka taa ya nje mbali na kamera ili wadudu wahamie huko, wanachora eneo la kufuatilia liachane na matawi ya mwembe, na kama kamera ina uwezo wa kutofautisha mtu na mnyama, wanauwasha. Wengine huongeza kihisi cha joto, kile kidude cheupe cha ukutani kinachotambua joto la mwili linapopita. Nacho kina udhaifu wake: mchana wa Januari hapa Dar, hewa inapokaribia joto la mwili, macho yake hupungua nguvu. Usiku kinafanya kazi vizuri zaidi.

Barua pepe iliyofungiwa nje

Njia mbadala ya kwanza ambayo watu huijaribu ni barua pepe, maana menyu yake ipo kwenye karibu kila mashine ya kurekodi, ile wanayoiita DVR. Unaingiza anwani na neno la siri, mashine inatuma picha kila inapoona mwendo. Kwa miaka mingi ilifanya kazi.

Kisha, 30 Mei 2022, Google ilifunga mlango wa vifaa vinavyoingia Gmail kwa neno la siri la kawaida tu. Picha zikaacha kuja, na wengi waliodhani mashine imeharibika walinunua nyingine. Dawa ipo: washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha Google itakupa neno la siri maalumu la herufi 16 la kuingiza kwenye mashine. Lakini mashine za zamani sana zinatumia usimbaji uliopitwa na wakati, na hizo hata ukizipa herufi hizo bado zinakataliwa.

Tena, nani huamshwa na barua pepe? Mimi naihesabu kama kumbukumbu. Mwizi akiibeba mashine yenyewe, picha zako zimeshatoka nyumbani.

Kikundi cha Telegram

Vijana wa kompyuta wamehamia Telegram. Tangu mwaka 2015 mtandao huo unamruhusu mtu yeyote kutengeneza akaunti ya roboti bila malipo: unazungumza na akaunti inayoitwa BotFather, inakupa ufunguo, na ufunguo huo unauingiza kwenye programu inayosimamia kamera zako. Kamera ikiona mtu, roboti inarusha picha kwenye kikundi ulichokiunda. Faida yake kubwa ni hicho kikundi. Picha inamfikia mume, mke, kaka aliye Arusha na mlinzi kwa sekunde ile ile, na aliye macho anajibu.

Mhandisi mmoja wa mitandao aliyenikaribisha kwake Mikocheni ana kompyuta ndogo ya Raspberry Pi nyuma ya televisheni, inayoendesha Home Assistant na Frigate, programu mbili za bure. Zinapokea picha za kamera ndani kwa ndani, zinatambua mtu, paka na gari, ndipo zinaamua kama kuna haja ya kumsumbua mtu. Karibu na kompyuta hiyo amechomeka modemu ya kijiti, ile tuliyotumia kwenye kompyuta za mapajani kabla ya rauta kuenea. Ina laini yake. Intaneti ikikatika, kompyuta inatuma SMS kupitia modemu hiyo. Nilimwomba achomoe waya wa rauta nikiwa nimesimama pale. Simu yake ilitetemeka na SMS kabla hajakaa.

Wapo wanaotumia huduma za arifa zinazojitegemea, kama ntfy, ambayo ni ya bure, na Pushover, inayolipiwa mara moja kiasi cha dola 5. Pushover ina daraja la dharura linalorudia mlio tena na tena mpaka mtu abonyeze kwamba amepokea. Kwa ntfy, angalizo moja: jina la chaneli ndilo ufunguo wake. Ukiita "nyumbani", yeyote atakayebahatisha jina hilo anasoma arifa zako.

Telegram nayo si ya kutegemewa peke yake. Nchini Kenya ilibanwa Novemba 2023 na tena Novemba 2024, wakati wa mitihani ya KCSE, kwa lengo la kuzuia uvujaji wa karatasi za mitihani. Mwenye nyumba wa Ruiru asiye na mtahiniwa hata mmoja alipoteza kengele yake pamoja na wezi wa mitihani. WhatsApp, ambayo wote wanaiulizia kwanza, haifai kwa kazi hii: mlango wake rasmi wa kutuma ujumbe kwa mashine umetengenezwa kwa ajili ya biashara na unalipiwa, na anayepita mlango wa nyuma anaweza kufungiwa namba.

Turudi kwenye kubipu

Sasa nifike kwenye kifaa ambacho, baada ya wiki zote hizi, nakiamini kuliko vingine. Ni boksi la plastiki lenye ukubwa wa kitabu cha hesabu cha shule ya msingi, lina antena fupi, lina betri ndani, na lina nafasi ya laini ya simu. Kariakoo wanaliita alamu ya laini. Vihisi vya milango na ukuta vinazungumza nalo kwa redio. Kikiguswa kimoja, boksi linapiga simu: namba ya kwanza, isipopokelewa ya pili, isipopokelewa ya tatu. Halihitaji rauta, seva za ng'ambo wala programu ya kusinzia. Mlio wake ni mlio wa simu, na simu ya kitochi ya bibi inaupokea sawasawa na simu janja ya mjukuu.

Sisi ni watu wa kubipu. Tumeitana, tumekubaliana na tumependana kwa simu zisizopokelewa, kwa sababu isipopokelewa hakuna anayekatwa salio. Boksi hili linatumia elimu hiyo hiyo. Ukiiona namba yake inaita saa nane usiku, huna haja ya kupokea; umeshaambiwa.

> Ukiiona namba yake inaita saa nane usiku, huna haja ya kupokea, umeshaambiwa.

Simu ya kupigwa inaishinda hata SMS, kwa kuwa SMS mtandao ukielemewa inaweza kufika kesho. Inapenya pia ukimya wa usiku: ukiihifadhi namba ya boksi kama mtu wako wa karibu, unaweza kuiruhusu ilie hata simu ikiwa imezuiwa kukusumbua. Simu nyingi zina kanuni nyingine ya msaada: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika tatu kwa iPhone, au 15 kwa Android, anaruhusiwa kupita, mradi umeiacha kanuni hiyo imewashwa.

Na kamera inaungwaje? Nyuma ya baadhi ya mashine za kurekodi kuna kibanio cha kijani chenye matundu madogo, kimeandikwa ALARM OUT. Kamera ikiona mtu, matundu mawili kati ya hayo yanaunganishwa ndani, kama swichi ya taa. Fundi alichuna ncha za waya mwembamba kwa meno, akazikaza pale kwa bisibisi ya saa, upande wa pili akaziingiza kwenye boksi la alamu. Kwa nyuzi mbili tu, kamera yangu ilipata sauti. Ukinunua mashine uliza kama ina kibanio hicho. Za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina.

Wanunuzi wengi hukosea mahali pamoja. Kamera za sola zenye laini, ambazo sasa ziko kwenye mashamba mengi ya Bagamoyo na Mkuranga, hazipigi simu. Laini yake ni ya bando tu, na arifa inapita ile ile safari ndefu ya seva na programu.

Fundi anapinga

Fundi wa Mtaa wa Aggrey hakubaliani nami, na hoja zake nazipa uzito. Anasema wateja wanataka kuona, na simu inayoita bila picha inawatia hofu bila kuwaambia kitu. Anasema pia alamu ya laini hufa bila kuaga. Mwenye nyumba anaweka vocha siku ya kwanza, anasahau. Salio likiwa sifuri hata kubipu haiwezekani, na laini isiyotumika muda mrefu kampuni inaifunga. Mwaka mmoja baadaye boksi bado linawaka taa ya kijani ukutani na haliwezi kumpigia mtu yeyote. Programu, kwa maoni yake, angalau inakuonyesha kwamba kamera imezimika.

Ni kweli tupu kuhusu salio. Mimi nimeweka ukumbusho kila tarehe mosi: vocha ndogo, kisha nalijaribu boksi mpaka simu iite. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye nyumba na alama zake za vidole, na iondolewe namba ya siri kabla ya kuingizwa. Na chagueni boksi lenye 4G. Mengi ya bei rahisi ni ya 2G tu, na ingawa huku 2G bado inatumika, kwingine inazimwa; AT&T ya Marekani iliifunga mwaka 2017.

Kuhusu kuzimika, boksi zuri linatuma SMS umeme unapokatika. Hilo lina maana kubwa kwetu, kwa kuwa mita na swichi kuu za nyumba nyingi ziko ukutani nje, na mtu anayetaka giza analipata kwa kidole kimoja.

Picha zinakwenda kwa nani

Jambo jingine ni faragha, nalo silichukulii kwa wepesi. Ile picha ndogo inayokuja pamoja na arifa lazima ipite mahali. Novemba 2022 ilibainika kwamba kamera za Eufy, zilizouzwa kwa ahadi ya kuhifadhi kila kitu nyumbani kwa mteja, zilikuwa zikipandisha picha za arifa kwenye seva za mbali. Februari 2024 Wyze ilikiri kwamba wateja wake wapatao 13,000 walipokea picha ndogo kutoka kamera zisizo zao. Simu inayoita bila picha, ambayo fundi anailaumu, haina cha kuvujisha.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini kabla ya sheria kuna dada wa kazi. Nimeona kikundi cha Telegram cha majirani saba ambamo kamera ya sebuleni ya mmoja wao ilikuwa imeunganishwa pamoja na ya getini. Kila binti yule alipoinama kupiga deki, wanaume wa mtaa mzima waliletewa picha yake. Hakuwa ameambiwa. Nilimwambia mwenye nyumba, akaiondoa siku hiyo hiyo, na naamini zipo nyumba nyingine ambako bado haijaondolewa. Za kikundi ziwe kamera za ukuta na geti peke yake.

Aliye macho

Nimepanga upya namba za boksi langu. Ya kwanza si yangu. Ni ya jirani wa ukuta mmoja, mama mtu mzima ambaye simu yake ni ya kitochi na hulala nayo chini ya mto. Nilimfuata nikamwomba, akaniuliza kwa nini sikumwomba tangu nilipojenga. Ya pili ni ya mjumbe wetu. Ya tatu ndiyo yangu.

Picha zinakwenda Telegram, kwa watu watatu tu. Mmoja ni kaka yangu, anayeishi Minneapolis. Nilipomweleza saa ya tukio alihesabu kidogo akacheka: majira ya joto, saa nane na dakika 47 usiku ya Goba kwake ni saa kumi na mbili na dakika 47 jioni ya jana yake. Yuko mezani anakula. Wezi wa Goba wanapoanza kazi, yeye ndiye mtu wa familia yetu aliye macho kabisa, na amekuwa akisubiri miaka mingi apewe la kufanya kwa ajili ya nyumba hii zaidi ya kutuma fedha.

Jumamosi iliyopita, saa tano usiku, tulijaribu. Nilizima swichi kuu, rauta ikafa, boksi likabaki na betri yake na vihisi vya ukuta; mtaa wetu wote ulikuwa na umeme isipokuwa kwangu. Mpwa wangu alikwenda upande wa nyuma akapanda ukuta, akaning'inia kidogo, akatua karibu na kisima.

Nilisimama gizani nikihesabu. Nilipofika tisa nikasikia, upande wa pili wa ukuta, simu ya kitochi ikiita. Taa ya nje ya jirani ikawaka, mlango ukafunguka, na sauti yake ikauliza kwa ukali nani yuko pale.